Lindo Hupokewa, Haliachwi

Askari yeyote aliyewahi kusimama lindo usiku anaijua sheria moja ambayo haina haja ya kubandikwa ukutani: mlinzi haondoki mahali pake mpaka aliyekuja kumpokea amefika, amejitambulisha, na ameambiwa kila jambo linalopasa kujulikana hapo. Mlango upi una kufuli bovu. Mbwa yupi hubweka bure. Mtumbwi upi umepita saa nane za usiku bila taa. Aliyechoka huenda kulala baada tu ya mwenzake kutamka, "Nimepokea." Sheria hiyo ni kongwe kuliko bunduki. Leo tunataka kuonyesha kwamba ndiyo inayotakiwa pia katika kazi moja ngeni ambayo imekwisha kuingia katika ofisi, vituo na kambi: kazi ya kuzihamisha programu za kompyuta kutoka lugha ya zamani na kuziandika upya katika lugha mpya.

Kompyuta haielewi Kirundi, wala Kiswahili, wala Kifaransa. Huelewa amri zilizoandikwa kwa lugha zake maalumu, na lugha hizo, kama za wanadamu, huzaliwa, huenea, na nyingine huzeeka. Fortran ilitolewa mwaka 1957, COBOL ikabuniwa mwaka 1959, Pascal ikatangazwa mwaka 1970, na C ikafuata baada ya muda mfupi. Rust, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitoka mwaka 2015, ni kijana miongoni mwa wazee hao. Lugha inapozeeka, programu zilizoandikwa kwayo hazifi siku hiyo hiyo. Wanaostaafu na kufa ni watu walioziandika. Programu hubaki ikifanya kazi pembeni, katika mashine yenye vumbi, bila mtu hata mmoja kituoni anayejua kwa nini inafanya inavyofanya. Hilo ni lindo lisilo na mlinzi.

Hatusemi haya kwa kusimuliwa. Sisi tunaoandika tumeifanya kazi hiyo kwa mikono yetu hapa Rumonge, tena kwa kuanza na kitu ambacho wengi wangekiita mchezo wa watoto. Tulipata programu ya maonyesho ya picha, ya aina ambayo vijana wa Ulaya walikuwa wakishindana kuiandika katika miaka ya 1980 na 1990, isiyohesabu mishahara wala kuorodhesha bunduki, bali kuonyesha tu uwezo wa mashine na wa mwandishi. Ndugu msomaji asiudharau ustadi huo. Finland iliuingiza katika orodha ya urithi wake wa utamaduni mwaka 2020, na Ujerumani ikafanya hivyo mwaka 2021, kama vile ngoma za Burundi zilivyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014.

Programu yetu huchora maji. Tone huanguka, duara la mawimbi hupanuka, hugonga ukingo, hurudi, hukutana na mawimbi mengine, kisha yote hutulia. Iliandikwa kwa Turbo Pascal, kwa ajili ya kompyuta za miaka ya 1990. Tuliazimia kuihamishia katika Rust.

Jinsi maji yanavyochorwa

Kioo cha kompyuta za wakati ule kilikuwa na nukta 320 kwa upana na 200 kwa kimo, yaani nukta 64,000 kwa jumla, na kila nukta iliweza kuchagua rangi moja kati ya 256. Programu huweka jedwali mbili za namba, kila moja ikiwa na nafasi 64,000: ya kwanza ni kimo cha maji sasa, ya pili ni kimo cha maji katika duru iliyopita. Kwa kila nukta, programu hujumlisha vimo vya jirani zake wanne, wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia; hugawa jumla hiyo kwa mbili; kisha hutoa kimo ambacho nukta hiyo ilikuwa nacho katika duru iliyopita. Mwisho hupunguza sehemu moja ya thelathini na mbili, ili wimbi lichoke kama wimbi la kweli linavyochoka. Jedwali hubadilishana nafasi, na kazi huanza upya.

Hayo tu. Hakuna mahali katika programu palipoandikwa neno "duara" wala neno "wimbi". Lakini ukitazama kiooni unaona kile kile anachokiona mtu aliyesimama gatini Rumonge jioni, mvuvi anapotupa nanga. Tulidhani kazi ya mistari michache hivyo tungeimaliza usiku mmoja. Ilituchukua majuma mawili, na makosa matatu yaliyotuchelewesha ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii.

Kosa la kwanza lilikuwa la kasi. Programu ya zamani haikujua saa. Ilichora haraka kadiri mashine ilivyoweza, na kwa kuwa mashine ya wakati ule ilikuwa na mwendo wa ng'ombe, maji yalionekana kwenda kwa utulivu. Tulipoiandika upya vile vile na kuiendesha katika mashine ya leo, tone lilikuwa limekwisha kugonga kingo zote nne kabla jicho halijafumbuka. Na yetu haikuwa na balaa kubwa. Programu nyingi za Turbo Pascal zilitegemea maktaba moja ambayo, kabla ya mwandishi kutoa amri yake ya kwanza, hupima kasi ya mashine kwa kuhesabu mizunguko. Mashine zilipokuwa na kasi kubwa, jibu la hesabu hiyo likashindwa kuenea katika nafasi iliyotengewa, na programu ikafa papo hapo kwa kosa namba 200. Mashine bora iliua programu nzuri! Aliyeiandika alikuwa ameweka msingi wake juu ya jambo ambalo hakujua kwamba ameliweka: kwamba mashine daima itakuwa ya polepole.

Kosa la pili lilikuwa la ukingo. Programu yetu ilipita nukta zote, kuanzia ya kwanza kabisa hadi ya mwisho. Lakini nukta iliyo ukingoni haina jirani wa upande mmoja. Nje ya jedwali hakuna maji. Lugha ya zamani, kwa kawaida yake, haikukagua jambo hilo. Ilitoka nje ya jedwali, ikachukua namba yoyote iliyoikuta katika kumbukumbu ya mashine, ikaijumlisha na nyingine, ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Lugha mpya ilikataa. Ilisimamisha programu nzima, ikataja mstari wenye kosa, ikasema kwamba tumedai nafasi ambayo haimo katika jedwali.

Tunakiri kwamba jioni nzima tuliilaumu lugha mpya. Tulisema ni kali mno. Tulisema ya zamani ilikuwa inafanya kazi bila kelele. Kisha tukaiendesha ile ya zamani tena na kutazama kwa makini ukingo wa juu wa picha. Hapo palikuwa na mng'ao mdogo wa kuchezacheza ambao kila aliyeiona programu hiyo aliudhani ni pambo. Halikuwa pambo. Lilikuwa kosa, nalo lilikuwa limesimama hapo mbele ya macho ya watu wote kwa miaka kama thelathini. Tukaona aibu. Tulikuwa kama mkubwa wa kambi anayemsifu mlinzi mtulivu ambaye watu huruka ua mbele yake naye hasemi neno, na kumkaripia mlinzi mpya kwa sababu amepiga kelele alipomwona mtu wa kwanza.

Kosa la tatu lilikuwa letu wenyewe. Mahali palipoandikwa kugawa kwa mbili, mmoja wetu aliweka njia ya mkato ambayo mafundi wengi huitumia ili kuongeza kasi: kuzisogeza biti za namba hatua moja. Kwa namba zilizo juu ya sifuri njia hizo mbili hutoa jibu lile lile. Lakini maji yana mabonde pia, na mabonde huandikwa kwa namba zilizo chini ya sifuri. Ukigawa hasi tatu kwa mbili, Pascal hukata sehemu inayobaki na kukupa hasi moja. Ukisogeza biti katika Rust, unapata hasi mbili. Tofauti ni moja tu. Lakini tofauti hiyo moja, ikirudiwa katika maelfu ya nukta, makumi ya mara kila sekunde, daima kwa upande wa chini, ikawa jambo la kuonekana: maji yetu hayakurudi katika usawa wake. Kila baada ya tone yalitulia chini kidogo ya pale yalipoanzia, kama ziwa linalovuja.

Tulilipataje kosa hilo? Si kwa akili nyingi. Tuliiweka programu ya zamani iendelee kufanya kazi kando ya mpya, ndani ya DOSBox, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002 ambayo huiga mashine za zamani. Tukadondosha tone moja, mahali pamoja, katika programu zote mbili, tukaziamuru ziandike namba zao zote kila duru, kisha tukalinganisha. Duru za mwanzo zilikuwa sawasawa. Halafu katika duru moja, nukta moja ikatofautiana na mwenzake kwa moja tu. Tulipoishika nukta hiyo, tulimshika mwizi kwa mkono.

Kwa nini tuanze na picha

Wako watakaouliza: askari anayelinda mpaka na polisi anayepokea mashtaka wana haja gani na picha ya maji yasiyolowesha? Jibu letu ni kwamba kuruta hapewi risasi za moto siku ya kwanza. Hupewa bunduki tupu, akafundishwa kuishika, kuifungua na kuifunga, kwa sababu kosa analolifanya wakati huo halimwui mtu. Programu ya maonyesho ni bunduki tupu ya fundi wa kompyuta. Tena ina fadhila nyingine iliyo kubwa zaidi: hujishtaki yenyewe. Daftari la silaha likikosea namba moja, kosa linaweza kujificha miaka mitano mpaka siku silaha moja itakapotafutwa. Picha ikikosea, jicho huona dakika ile ile. Fundi aliyefunzwa kwa picha hujua jinsi makosa ya kuhamisha yanavyofanana, na akienda kwenye daftari huyatafuta hata pale yasipoonekana.

Wala picha za maji si mchezo kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa hili. Upepo wa kusi unaovuma kati ya Mei na Septemba husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji baridi ya chini hupanda. Upepo ukipoa, tabaka hizo mbili huyumba kwa majuma mengi, na kuyumba huko hupandisha rutuba inayolisha viumbe wadogo ambao ndagala huwala. Watafiti waliandika programu za kuhesabu mwendo huo, mathalani katika mradi wa FAO uliogharamiwa na Finland tangu mwaka 1992. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo kilichokaribia kile cha miaka ya 1960, yakaingia Gatumba na mitaa ya ufukweni hapa Rumonge, na askari na polisi walikuwa miongoni mwa walioingia majini kuwaokoa watu. Atakayetaka kujua kesho maji yatafika mtaa gani atahitaji programu zinazochora maji, na atahitaji watu wanaojua kilichomo ndani yake.

Mfano wa Liemba

Katika ziwa letu kuna meli inayotufundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915. Hiyo ilikuwa kuhamishwa kwa mara ya kwanza. Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakiuacha mji wa Kigoma waliizamisha ili isitwaliwe na adui. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mitambo hiyo bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli. Umbo likabaki, njia ikabaki, abiria wakabaki. Kilichobadilika ni moyo wake.

Tuwatazame wale mafundi wa 1916. Walikuwa wameshindwa vita, wanaondoka, na hawakujua nani atakuja baada yao. Hata hivyo waliacha kazi katika hali ambayo mwingine angeweza kuipokea. Mwandishi wa programu anayestaafu bila kuacha maelezo hata ukurasa mmoja hajapaka grisi. Ameizamisha meli tu.

Damu iliyomwagika

Yasidhaniwe kuwa haya ni mambo ya ofisini. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza, ikalipuka baada ya sekunde 40 hivi. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila lawama. Lakini Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi, na namba moja ya kasi hiyo, iliyokuwa katika biti 64, ilipotiwa katika nafasi ya biti 16 haikuenea. Kompyuta ya uelekezi ikazimika. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hesabu iliyoleta maafa hayo haikuwa na kazi yoyote kwa Ariane 5 baada ya kuondoka ardhini. Ilikuwa imebebwa kwa mazoea. Msomaji atalitambua kosa hilo: ni ndugu wa kosa namba 200 tulilolitaja juu, ila hili lilikuwa na roketi mgongoni.

Miaka mitano kabla ya hapo, tarehe 25 Februari 1991, kombora lililorushwa kutoka Iraki liliangukia kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua watu 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuilinda sehemu hiyo haukurusha kitu. Ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na saa yake ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde katika nafasi ya biti 24, ambamo sehemu hiyo haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu. Kosa dogo lilijilimbikiza likafika thuluthi moja ya sekunde, nalo lilitosha kwa mtambo kutazama mahali pasipo na kombora. Programu hiyo ilikuwa imekwisha kurekebishwa. Lakini namna mpya ya kuhesabu wakati iliwekwa katika baadhi ya sehemu zake, si zote. Nusu ya programu ilikuwa imepokea lindo, nusu haijapokea. Kati ya nusu hizo mbili walipita wafu 28.

Hapa kwetu hatujafikia roketi, lakini tumeshuhudia madhara yanayofanana kwa umbo. Ofisi moja ya ufukweni, ambayo hatutaitaja, ilihamisha orodha ya vyombo vya uvuvi kutoka programu ya zamani hadi mpya kwa siku mbili, na siku ya tatu mashine ya zamani ikatolewa nje. Hakuna aliyegundua kwamba programu mpya ilizisoma namba za vyombo kama hesabu, si kama majina, na kwa hiyo ikazifuta sifuri za mwanzo. Mzee mmoja alisimamishwa majini, akaulizwa namba ya chombo chake.

"Afande, ni hii hii iliyochorwa ubavuni," alisema.

"Mzee, haimo katika orodha."

"Imekuwamo tangu wewe hujaajiriwa, mwanangu."

Yule polisi kijana hakuwa na kosa. Alitii orodha aliyopewa. Mzee naye hakuwa na kosa. Alipoteza siku mbili za giza, ambazo kila mvuvi wa ndagala anajua thamani yake, kwa kuwa mbalamwezi ikitoka taa hazivuti samaki. Na kilichopotea zaidi ya samaki ni imani. Raia akiona kwamba mashine ya serikali haimjui, humchukia aliyeishika, si aliyeiandika.

Kanuni za kupokeana

Kwa hiyo tunatoa ushauri, na ushauri wetu ni wa mtu aliyechomwa na kosa lake mwenyewe.

Kwanza, ya zamani isizimwe siku mpya inapowashwa. Ziende pamoja, zipewe kazi moja, na majibu yake yalinganishwe namba kwa namba, si kwa kutazama juu juu. Muda wa kwenda pamoja upimwe kwa kazi iliyofanyika, si kwa haraka ya mkubwa.

Pili, jambo la kwanza ni kuihamisha programu ilivyo, pamoja na ubaya wake. Kuiboresha ni jambo la pili. Sisi tulipoingiza njia ya mkato katikati ya kuhamisha, hatukujua tena tofauti imetoka wapi: imeletwa na lugha, au imeletwa na ujanja wetu?

Tatu, mlinzi mpya akipiga kelele asinyamazishwe. Yako maneno katika lugha hizi ambayo fundi anaweza kuyaandika ili ukaguzi uache kufanya kazi. Fundi mvivu huyakimbilia. Mkubwa wa kazi aulize kila mara: kelele hii ilinyamazishwa na nani, na kwa sababu gani?

Nne, maelezo yaandikwe, tena kwa lugha inayosomwa na watakaorithi. Programu yetu ilikuwa na maelezo machache ya Kifaransa. Sisi tumeyaandika upya kwa Kiswahili na kuongeza ya kwetu, pamoja na habari za makosa yote matatu. Si jambo jipya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, na tangu hapo hakuna mwenye haki ya kusema kwamba lugha yetu haiwezi kubeba mambo ya kompyuta.

Tunayajua majibu mawili yatakayotolewa dhidi yetu. La kwanza ni kwamba kilichozeeka kikifanya kazi kiachwe. Jibu hili lina ukweli ndani yake, nasi hatulipingi lote. Si kila programu ya zamani inastahili gharama ya kuhamishwa, na ile inayofanya kazi ndogo ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kuachwa imalize umri wake. Lakini kuiacha kuwe ni uamuzi, wala kusiwe ni usahaulifu. Aamuaye ajue ni nani anayeweza kuitengeneza ikivunjika usiku wa leo. Kama jibu ni "hakuna", basi hajaamua kuiacha, ameachwa nayo.

Jibu la pili ni la siku hizi: kwamba zimekwisha kupatikana mashine zenye akili bandia zinazoweza kutafsiri programu nzima kwa dakika moja. Ni kweli zipo, na hata idara ya utafiti ya jeshi la Marekani ilianzisha mwaka 2024 mradi wa kutafuta njia ya kuhamisha programu za C kwenda Rust kwa mashine. Tuzitumie. Lakini tofauti ya hasi moja na hasi mbili haikujificha kwa sababu mikono yetu ilikuwa mizito. Ilijificha kwa sababu programu zote mbili zilionekana kuwa sahihi. Mashine ikitafsiri kwa dakika moja, kazi ya kulinganisha inabaki pale pale, na mwenye kuwajibika anabaki kuwa mtu. Mahakamani hatuji kuleta mashine kuapa.

Wavuvi wa pwani hii wameipita njia hii bila kompyuta. Baba zao walivua kwa taa za karabai zilizonguruma usiku kucha. Leo wengi huvua kwa taa za betri. Aliyefanya mabadiliko hayo kwa busara hakuitupa karabai ziwani usiku wa kwanza. Alichukua zote mbili, akatazama ndagala wanaifuata ipi, wanapanda kutoka kina gani, wanachukua muda gani kukusanyika, na alipoona kwamba mwanga mpya unaitwa na samaki kwa jina lile lile la mwanga wa zamani, ndipo akaiacha karabai nyumbani.

Programu yetu ya maji sasa inafanya kazi. Tone huanguka, duara hupanuka, na maji hurudi katika usawa wake. Ule mng'ao wa ukingoni haupo tena, na mmoja wetu alisema kwamba anaukosa. Usiku tuliomaliza tuliziendesha zote mbili kwa duru nyingi kuliko tulivyozoea, ile ya zamani ikiwa imesahihishwa ukingo wake, tukalinganisha namba zote, na hatukukuta tofauti hata moja. Ndipo tulipoizima ya zamani. Hatukuifuta. Tuliiweka kabatini pamoja na maelezo yake, tukaandika tarehe, na chini ya tarehe tukaandika neno ambalo kila askari anayesoma ukurasa huu amewahi kulitamka gizani mbele ya mwenzake aliyechoka: Nimepokea.